Marafiki wa bustani ya miti: jinsi ya kuunda kikundi kinachosaidia kweli bila kuongezea bustani mzigo

Tuseme ukweli tu, bustani ya miti ya umma huwa haikosi watu wa kupanda miti. Wapo kibao, wanakuja na fulana mpya na kamera, wanachimba, wanapiga picha, wanaondoka, na kesho yake yule mtunza bustani anabaki na safu ya miche inayomsubiri na mpira wa maji mmoja unaovuja. Kinachokosekana ni watu wa kurudi. Wa kupalilia, wa kumwagilia kiangazi, wa kurudishia vibao vilivyong'oka, wa kuandika kwenye rejista kwamba mti fulani umekauka, wa kufuatilia ofisini lile ombi la pampu lililolala mezani. Kikundi cha marafiki, yaani chama kisicho cha faida cha wananchi wanaosaidia bustani ambayo ni mali ya umma, kina maana pale kinapofanya hizo kazi zisizotoa picha nzuri. Hivi ndo mnavyoweza kukijenga.

Na mjue mapema mnachosaidia ni nini. Bustani ya miti ya namna hii, yaani arboretamu, sio paki ya kupumzikia yenye miti mingi, ni mkusanyiko wenye kumbukumbu, kila mti una namba, inajulikana mbegu au mche wake ulitoka wapi na ulipandwa mwaka gani. Mti usio na kumbukumbu kwenye bustani ya namna hii unabaki kuwa kivuli tu, kizuri sawa, ila mtafiti hana cha kufanya nao. Shikeni hilo maana huko chini litajirudia.

Hatua ya 1: Kasikilizeni kabla hamjajisajili

Msianze na jina, nembo wala grupu la WhatsApp. Ombeni kikao na msimamizi wa bustani, halafu, hii wengi wanairuka, ombeni ruhusa ya kutembea nusu siku na wale wanaoshika jembe. Ofisini mtaambiwa mahitaji makubwa, uzio, vyoo, geti. Huku nje mtaonyeshwa toroli ambalo gurudumu lake limeisha kiasi kwamba linabebwa na watu wawili, na hapo ndo mtaelewa kwa nini matandazo, yaani majani makavu au chipu za mbao za kufunikia udongo, hayafiki upande wa pili wa bustani. Toroli ni pesa ndogo, uzio ni mradi wa miaka, na kikundi kipya kinahitaji kuanza na kitu kinachomalizika.

Maswali matatu yanatosha. Ni kazi gani inaahirishwa kila mwaka? Ni kitu gani bajeti ya umma hairuhusu kununua, au inaruhusu lakini kinachelewa mpaka msimu unapita? Na watu wanaokuja kusaidia huwa wanawasumbua kwa lipi? Swali la tatu ndo lenye majibu matamu, mkilipuuza mtakuja kuwa nyie jibu lake.

Hapohapo ulizeni nani anamiliki ardhi, nani anaendesha na nani analipa, maana mara nyingi sio ofisi moja. Washington Park Arboretum ya Seattle, Marekani, kwa mfano, ardhi ni ya jiji, miti inaangaliwa na Chuo Kikuu cha Washington kwa makubaliano ya tangu 1934, na mwaka uliofuata, 1935, ikaundwa Arboretum Foundation kuwa mkono wa tatu wa kuchangisha na kujitolea. Msipojua nani ana neno la mwisho mtapeleka barua kusiko mwaka mzima.

Hatua ya 2: Katiba fupi, kamati ndogo

Usajili unategemea sheria za nchi mliyopo kwa hiyo fomu mtazipata ofisi husika, hakuna uchawi hapo. Kwenye katiba angalieni mambo machache: iandikwe wazi kwamba kikundi ni cha kuisaidia bustani na faida haigawanwi kwa wanachama, kikundi kikivunjika mali zake ziende kwa bustani au kwa chama kingine chenye lengo kama hilo, kamati iwe ya watu saba au tisa ili kura isigande, na kila nafasi iwe na ukomo. Awepo mtu mmoja anayejua mahesabu kweli na mmoja anayejua miti kweli. Msimamizi wa bustani aalikwe kwenye vikao ila asiwe na kura, kwa sababu akiwa na kura kwenye kikundi kinachoipa pesa ofisi yake mwenyewe, siku moja mkaguzi atauliza nani alimwidhinishia nani.

Hatua ya 3: Makubaliano yawe kwenye karatasi

Urafiki wa mdomo na meneja mzuri ni mtamu mpaka siku meneja anahamishwa. Anakuja mwingine, anakuta watu wana funguo za stoo, wanapogoa, wanatembeza wageni, anauliza nyie ni akina nani, na ana haki ya kuuliza.

Mfano mkubwa wa kuandikiana ni Arnold Arboretum ya Boston, iliyoanzishwa 1872. Mwaka 1882 Chuo Kikuu cha Harvard na jiji walikubaliana kwamba ardhi inakuwa ya jiji, jiji linakikodishia chuo kwa miaka 1,000 kwa dola moja kwa mwaka, jiji linabeba barabara na ulinzi, chuo kinabeba miti. Pale sio habari ya kikundi cha marafiki, lakini namna mzigo ulivyogawanywa ndo ya kuiga, waliosaini walishakufa zamani na hadi leo watu wanaingia bure.

Nyie hamhitaji miaka elfu. Kurasa mbili tatu, muda wa miaka mitatu hadi mitano, halafu mnapitia upya. Iandikwe kwamba uamuzi wa mti upi upandwe, wapi, na upi ukatwe ni wa bustani siku zote, hata mwenye pesa akinuna. Iandikwe vitu mnavyonunua vinakuwa mali ya nani vikishafika, nani anavitengeneza vikiharibika, mwanachama akiumia kazini bima ni ya nani, nani anaruhusiwa kuongea na waandishi wa habari kwa jina la bustani.

Na kuna kipengele kimoja msikiache hata mkibembelezwa: pesa na kazi ya kikundi ni nyongeza, hazichukui nafasi ya bajeti. Ofisi za umma zina tabia hii, zikiona kuna watu wanalipia maji basi mwaka unaofuata fungu la maji linahamishiwa kwingine, na kikundi kilichokuja kuongeza kinajikuta kimegeuka idara isiyolipwa mshahara. Kwa maoni yangu kikundi kisikubali pia kulipa mtumishi wa kudumu. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wa miezi kadhaa sawa kabisa, lakini mtunza bustani wa kudumu hapana, kwa sababu michango ikiyumba mtu anakosa riziki kwa ajili yenu.

Hatua ya 4: Pesa

Ada ya uanachama iwe ndogo na iwe ya kila mwaka. Thamani ya wanachama sio ada sana, ni idadi yao siku mnapokwenda kuongea na wakubwa, na ni wao haohao wanaojaza siku za kazi. Michango mikubwa itafuteni pembeni kwa mradi maalumu wenye bei inayojulikana, "tunataka tangi la maji la ukubwa huu na bomba la urefu huu, jumla ni hii", watu wanachangia kitu wanachokiona kichwani kirahisi kuliko "tusaidie mazingira".

Pesa ya masharti itengwe. Mtu akitoa kwa ajili ya mabenchi halafu mkanunulia mbolea, hata kama mbolea ndo ilikuwa inahitajika zaidi, mmevunja ahadi na pengine na sheria. Mweka hazina awe na safu tofauti kwenye daftari kwa kila mchango wa namna hiyo, kila malipo saini mbili, na risiti zikae kwenye faili la kikundi badala ya kwenye simu ya mtu.

Suala la miti ya kumbukumbu linataka moyo mgumu kidogo. Mtu amefiwa na mama yake, anataka mti wenye jina la mama pale karibu na bwawa, mnaona huruma mnapokea, mti unapandwa, mwaka wa pili unakauka, na sasa mna mtu ambaye ni kama amefiwa mara ya pili na safari hii ni kwenye bustani yenu. Wekeni sera kabla hajaja wa kwanza: mchango wa kumbukumbu unakwenda kwenye matunzo ya mti uliopo tayari, au kwenye benchi kwa muda uliotajwa, tuseme miaka kumi, na majina yote yanaandikwa kwenye kitabu au kwenye ubao mmoja wa pamoja. Vibao vya marumaru chini ya kila mti hapana, bustani isije ikafanana na makaburi.

Mkishakuwa na akiba ya kueleweka fikirieni mfuko wa kudumu, ambapo mtaji hauguswi na kila mwaka mnatoa kiasi kidogo, wengi hutumia kama asilimia 4 hadi 5 ya wastani wa thamani ya mfuko kwa miaka mitatu iliyopita. Huo wastani ndo wenye kazi, masoko yakishuka matumizi hayaporomoki ghafla na yakipanda hamlewi.

Hatua ya 5: Siku za kazi

Chagueni siku isiyobadilika, mfano Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na muishike hata wakija watu wanne. Siku inayohamahama inaua kikundi haraka kuliko ukosefu wa pesa.

Sheria ya kwanza ya usalama: miguu yote chini. Hakuna kupanda ngazi, hakuna msumeno wa mashine, hakuna sumu za magugu, hizo ni kazi za watu waliofunzwa na wenye vifaa vya kujikinga. Kila watu wanane hadi kumi wawe na kiongozi mmoja aliyeelekezwa na mtunza bustani kabla. Mipini ya vifaa vya kikundi ipakwe rangi kali ili visipotelee kwenye nyasi wala visichanganyike na vya bustani, na vihesabiwe vikitoka na vikirudi. Mikasi ya kupogolea ifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kuhamia mti mwingine, maana mkasi mchafu unasambaza ugonjwa kwenye mkusanyiko mzima na hakuna atakayejua ulianzia wapi.

Kazi ya kuanzia ninayoipendekeza ni matandazo. Chukua mti mdogo uliosimama katikati ya nyasi, inama uangalie shina pale linapoingia ardhini, uwezekano ni mkubwa utakuta makovu ya kuzunguka, gome limechubuka, hiyo ni ile mashine ya uzi ya kukatia nyasi. Njia ya kupitishia chakula cha mti iko hapo hapo chini ya gome, likichubuka kuzunguka shina lote mti unakufa polepole na watu watasingizia ukame. Sasa ng'oeni nyasi kuzunguka mti, duara la mita moja au zaidi, mwagieni chipu za mbao au majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, na muache nafasi ya kiganja cha mkono kati ya matandazo na shina. Watu wakipewa chipu wanapenda kuzirundika kwenye shina kama kichuguu, inaonekana nadhifu lakini gome linakaa na unyevu linaoza, na panya wanapata nyumba. Sehemu zenye mchwa muulizeni mtunza bustani kwanza atumike nini. Nyasi zikishatoka hapo, mwenye mashine hana sababu ya kusogea, unyevu unakaa, na kazi ya asubuhi moja inaulinda mti msimu mzima.

Palizi nayo ina mitego. Mtu mwenye ari na jembe kali ni hatari kuliko magugu, kwa sababu mche wa mti adimu wenye majani manne unafanana na gugu lolote lile. Kabla watu hawajafika funga utepe kwenye kila kinachobaki, halafu waonyeshe gugu moja tu kwa siku, waling'oe hilo na kuacha mengine. Gugu vamizi ling'olewe kabla halijatoa mbegu, likishatoa mnakuwa mnabeba mbegu kwenye viatu mnazipeleka ambako hazikuwepo.

Hatua ya 6: Rejista na vibao

Hapa ndipo kikundi kinaweza kuacha alama kubwa kuliko popote, na ndipo kisipoenda kwa sababu kazi yenyewe ni ya kukaa na daftari. Bustani nyingi zinatumia namba inayoanza na mwaka, kwa mfano 2019-0045 ni mzigo wa 45 kuingia bustanini mwaka 2019, na kama ilipandwa miche mitatu kutoka mzigo huo inapewa A, B, C. Miaka inapita, mti unaanguka, kibao kinaibwa, kitabu kinabaki kinasema uongo.

Gaweni bustani vipande kwenye ramani na muende watu watatu watatu, mmoja anasoma kibao, mmoja anapima, mmoja anaandika. Pimeni mzingo wa shina kwa utepe kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, mkitaka kipenyo gawanyeni kwa 3.14. Andikeni hali ya mti kwa maneno ya kawaida: umekauka juu, una shimo, unavuja utomvu, haupo. "Haupo" ni taarifa muhimu sana, msione aibu kuijaza. Mkihisi jina la kibao sio sahihi msilisahihishe wenyewe hata kama kuna mtu kwenye timu anaapa, wekeni alama ya kuuliza, pigeni picha ya jani pande zote mbili, ua, tunda na gome, mtaalamu ataamua.

Vibao vipya viwe na jina la kisayansi, familia, jina la kawaida, asili ya mti na namba. Aluminiamu iliyochongwa maandishi inadumu, karatasi iliyolaminetiwa inakaa msimu mmoja inaingia maji inakuwa ya njano. Mti mdogo tundikeni kibao kwenye tawi kwa waya uliolegea. Mti mkubwa unapigiliwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu zenye springi nyuma ya kibao, shina likinenepa springi inabonyea na kibao hakimezwi. Na waya wa kuzungusha shina lote ni marufuku, hata kwa muda, maana "kwa muda" kwenye bustani ni miaka sita na siku mtakayokumbuka waya utakuwa umeshaingia ndani ya gome.

Rejista ikishakaa sawa kuna mlango mwingine unafunguka. Mpango wa ArbNet, unaoratibiwa na Morton Arboretum ya Illinois, unatambua arboretamu kwa ngazi nne, ya kwanza inataka angalau aina 25 za miti na mimea ya shina gumu, ya pili 100, ya tatu 500, ya nne inahusu utafiti na uhifadhi wa kiwango cha juu. Ngazi ya kwanza inataka pia mpango wa maandishi, chombo cha usimamizi, watu wa kuhudumia miti hata kama ni wa kujitolea, na bustani kuwa wazi kwa umma. Hata msipoomba, masharti yenyewe ni orodha nzuri ya kujikagua.

Hatua ya 7: Sasa pandeni

Aina zichaguliwe na bustani kufuatana na mpango wake. Hesabuni gharama ya mti mmoja kuwa ni mche, usafiri, kijiti cha kuegemezea, matandazo na maji ya miaka mitatu. Mkikuta pesa inatosha miche hamsini bila maji au kumi na maji, pandeni kumi. Kila mche uandikiwe mtu wa kumwagilia kwa jina lake na wa akiba akisafiri.

Ukitoa mche kwenye kiriba angalia mizizi, kama imejizungusha humo ndani ifungue au ikate, ukiiacha itaendelea kujizungusha ardhini na miaka mingi baadaye itaunyonga mti wenyewe. Pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi paonekane juu ya udongo, msipafukie. Kamba ya kijiti iwe legelege, na kijiti kiondolewe baada ya mwaka mmoja hivi, mti unaotikiswa na upepo kidogo ndo unaojenga shina imara.

Hatua ya 8: Wageni na matukio

Waongoza wageni wa kujitolea wafundisheni miti kumi tu kwa kuanzia, waijue vizuri, wajue nini cha kushika, kunusa, kusikiliza. Watoto wa shule wagaweni vikundi vya kumi hadi kumi na tano. Atakayetaka kusoma majina ya Kilatini mia moja mbele ya watoto wa darasa la tatu mpangieni kazi ya rejista.

Matukio ya kuchangisha yanaleta pesa na yanaleta uharibifu usioonekana. Mizizi mingi ya mti iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo na inaenda nje kabisa ya kivuli chake, kwa hiyo magari yakipaki chini ya mti mkongwe kwa sababu ya kivuli, au jenereta na hema likakaa hapo siku tatu, udongo unashindiliwa, hewa na maji havipiti, na mti unaanza kudhoofika miaka kadhaa baadaye mkiwa mmeshasahau sherehe. Wekeni kamba mapema, magari yabaki kwenye barabara ngumu, jukwaa liende kwenye uwanja wa wazi, na kwenye mkataba wa anayekodi muandike faini. Mkiuza miche hakikisheni hakuna aina vamizi mezani na kwamba bustani imeruhusu mbegu kuchumwa.

Hatua ya 9: Kusema, na kukabidhi

Mtumishi wa umma hawezi kumpinga bosi wake hadharani barabara ikipangwa kupita katikati ya bustani, nyie mnaweza. Ila mkienda kikaoni na hasira peke yake mtasikilizwa kwa heshima na barabara itapita. Nendeni na rejista, ramani ya miti itakayoguswa kwa namba, idadi ya wageni mliyoihesabu getini, saa za kujitolea za mwaka na njia mbadala iliyochorwa. Ndo maana kila siku ya kazi mtu anapita na daftari la mahudhurio, hata kama watu wanalalamika mikono ina matope.

Halafu viongozi waondoke muda wao ukiisha. Wiki moja kabla ya uchaguzi katibu anaandaa ukurasa mmoja: nywila za barua pepe na kurasa za kikundi ziko wapi, funguo za stoo ziko kwa nani, waweka saini benki ni akina nani, ahadi gani zimetolewa kwa wafadhili na bado hazijatimizwa, makubaliano na bustani yanaisha lini. Kamati mpya inapewa ukurasa huo na funguo mbele ya msimamizi wa bustani, na siku hiyohiyo wanaenda benki kubadilisha saini.